Mke Mwenza wa Mokowe

Gari letu halikufika nyumbani hata siku moja. Sisi tulilala Amu, lenyewe lililala Mokowe, ng'ambo ya bara, na baina yetu palikuwa na bahari. Watoto wa bara wakisema "gari letu" humaanisha kitu kilichosimama mlangoni, kitu ambacho mtu anaweza kukigonga kwa kiganja akipita. Sisi tulimaanisha ufunguo. Ulikaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya chumba cha ndani, kati ya chupa ya marashi na tasbihi ya bibi, na ndiyo sehemu pekee ya gari iliyowahi kuvuka maji. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nauchukua, nauchomeka katika tundu la mlango wa jikoni, nanguruma kwa mdomo mpaka nikaitiwa chakula.

Lilikuwa gari refu, la viti safu tatu, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Baba alilinunua kabla sijazaliwa, kutoka kwa mtu wa Malindi aliyelia alipolikabidhi. Hivyo ndivyo baba alivyosimulia, na kila aliposimulia yule mtu alizidi kulia. Lilikaa chini ya banda la makuti kando ya duka la rafiki yake, karibu na gati. Kutoka hapo lilikwenda Kililana, kwenye shamba letu la mikorosho, likarudi. Safari zake nyingi ndizo hizo. Lilibeba magunia ya korosho, mbuzi wa Idi, ng'onda, wale samaki wakavu, wa kuuza, wagonjwa wa watu wengine, na maharusi wa ukoo mzima, na kila kilichopanda kiliacha kidogo cha harufu yake kikiteremka.

Ndiyo maana mama alikuwa akilifukiza.

Kila tulipotaka kusafiri sote, mama alivuka na chetezo chake. Alikiweka ndani ya kikapu, makaa yakiwa yamefunikwa jivu ili yasife njiani, na vipande vya udi alivifunga kwenye pembe ya leso. Ndani ya boti watu walikuwa wamekwisha kumzoea, lakini hawakuacha kumchokoza.

"Bi, wenda kumfukiza nani bara?"

"Mke mwenzangu."

"Kumbe Bwana ana mke Mokowe!"

"Ana, hamuyui? Ana miguu minne, anywa mafuta, na kila mwaka ataka viatu vipya."

Boti nzima hucheka. Baba hutazama majini, akijifanya hasikii, na ndevu zake zinatikisika. Mzaha huo ulikuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu wakati wa mavuno baba alikuwa akilala bara siku mbili tatu, na akirudi kanzu yake hunuka petroli. Mama huipokea kwa ncha za vidole. "Mke mwenzangu hajui kufua," husema.

Tukifika bandani, mama hukiweka chetezo sakafuni, nyuma ya kiti cha dereva. Hupandisha madirisha yote, hufunga milango, kisha husimama nje amefumbata mikono, kama mtu anayengoja zamu ya bafu. Moshi hupanda polepole mpaka vioo viwe vyeupe na ndani kusionekane kitu. Akifungua, gari linatoa pumzi. Baba hukohoa na kusema, "Bi, hapa waalika majini." Tukipanda, harufu ya udi hutukalia nguoni mpaka tulikokuwa tunakwenda, na mpaka leo udi kwangu si harufu ya harusi wala ya maulidi. Ni harufu ya kuondoka.

Kiti cha mbele kilikuwa cha bibi, mama yake baba. Mama alikaa nyuma ya baba, dirishani. Bibi alipofariki kiti kile kikabaki kitupu, na sisi watoto tukadhani sasa mama atahamia. Hakuhamia. Baba alimwita kila safari.

"Ndoo mbele, Bi. Watu wanidhani dereva wako."

"Hapa panatosha."

"Mbele waona ndia."

"Ndia niione ya nini? Nikuone wewe, inatosha."

Miaka ilipita hivyo. Nadhani mama aliijua shingo ya baba kuliko mwanamke yeyote anavyojua shingo ya mumewe. Alijua nywele zake zilipoanza kuota mvi, na upande gani zilianzia. Alijua kwa namna alivyoinamisha kichwa kwamba amechoka, na kabla hajapiga miayo alikuwa amekwisha kumpa kikombe cha kahawa kwa juu ya bega.

Baba alifariki ndani ya gari lile.

Walikuwa Kililana, yeye, mama, na ndugu yangu mkubwa aliyekuwa na mapumziko ya siku moja kutoka kazini kwake bandarini. Mimi nilikuwa Nairobi, nikiandika kitabu juu ya watu wasiokuwepo. Baba alikuwa ameshika ufito anaangusha korosho, akauegemeza mtini taratibu, akasema kifua kimembana. Ndugu yangu akalileta gari mpaka chini ya mti. Wakamlaza nyuma, kichwa chake mapajani mwa mama. Ilikuwa mara ya kwanza baba kupanda kiti cha nyuma cha gari lake.

Ndugu yangu aliendesha na kuongea. Hilo alinisimulia mwenyewe baadaye. Aliongea ili baba asilale. Walipofika gati ya Mokowe akageuka kumwambia boti iko tayari, akamuona mama amemfumba baba macho, na mkono wake uko juu ya paji la uso wake, umetulia. Baba alikuwa amekwisha kwenda kitambo. Mama alinyamaza njia iliyobaki kwa sababu, alisema, mtoto akiwa kwenye usukani hapewi habari kama ile.

Alizikwa Amu jioni ile ile. Mimi nilifika kesho yake kwa ndege ya asubuhi, nikateremka Manda na mkoba mmoja, nikakuta kila kitu kimekwisha isipokuwa mama.

Akakaa eda. Miezi minne na ushei katika chumba cha juu, hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Nilibaki naye, kwa sababu dada zangu wana waume na mimi nina kalamu tu, na kalamu haioni vibaya popote ikiwekwa. Sikuwa nimewahi kufikiri nyumba yetu ina harufu mpaka harufu ile ilipoondoka. Udi haukuwashwa. Asumini hazikuletwa. Chetezo kilifungiwa kabatini. Nyumba ikanuka chokaa na mbao za kale, na maji ya birika, kama nyumba ya watu waliohama.

Ndugu yangu alikuja kila Ijumaa baada ya swala, akakaa mlangoni mwa chumba. Na kila Ijumaa mama alimuuliza lile lile.

"Gari liko wapi?"

"Liko bandani, mama."

"Madirisha yamefungwa?"

"Yamefungwa."

"Lisioshwe. Na asiliendeshe mtu."

"Haliendeshwi, mama."

Kisha ndugu yangu huteremka ngazi ameinamisha kichwa, na chini kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, huniambia, "Umemsikia? Hawezi kulisahau. Lamuua kidogo kidogo lile gari." Nilikubaliana naye. Ungekuwepo nawe ungekubali.

Nililopewa kujua nilipewa alasiri moja ya kawaida, tukikunja nguo. Zilikuwa shuka zilizotoka kuanuliwa darini, bado zina joto la jua. Mama alishika pembe mbili, mimi mbili, tukakutana katikati, na pale tulipokutana akasema, kana kwamba anaendelea na jambo tulilokuwa tukilizungumza:

"Alinena neno."

"Nani, mama?"

"Babako. Ndani ya gari." Akachukua pembe zangu, akakunja peke yake. "Kwanza nilimtamkisha shahada, akaitamka, alhamdulillahi, wazi kabisa. Hapo nikashukuru. Kisha tukavuka lile daraja dogo la saruji, akafungua mato. Akanitazama. Akanena neno, la kunambia mimi. Halikuwa refu. Nami nikamwitika, nikasema, Inshallah. Inshallah yangu naikumbuka, hata sauti niliyoisemea naikumbuka. Neno lake silikumbuki."

Nilikaa kitandani.

"Nimemuahidi kitu," alisema mama, "na siyui nimemuahidi nini."

Alikuwa amelitafuta neno lile miezi yote ile. Alilitafuta katika sala na katika usingizi. Alijaribu kujilaza, kujiketisha, kufumba macho na kuweka mto mapajani. Na alikuwa amefikia uamuzi: neno liko kule lilikonenwa. Udi aliolifukizia gari asubuhi ya siku ile ulikuwa udi wake wa mwisho, na madirisha yakiwa yamefungwa, ulikuwa bado umo ndani. Akitoka eda atavuka Mokowe, ataketi pale pale kwenye kiti kile, katika harufu ile, na ndugu yangu amwendeshe njia ile ile kutoka Kililana. Wakifika darajani atalisikia.

"Waniona nimeingiwa na wazimu?"

"Hapana, mama." Na sikumuona hivyo. Mimi naishi kwa kazi ya namna hiyo, ya kurudi mahali nikae kimya mpaka mtu aseme tena.

"Usimwambie nduguyo," akasema. "Aliongea ndia nzima, maskini. Atadhani kelele zake ndizo zilizonisahaulisha."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi, baada ya adhuhuri, picha ikaingia katika simu yangu. Gari jeupe, refu kwenda juu, limefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi, na ndugu yangu amesimama kando yake ameinua kidole gumba. Chini ameandika: "La kiwandani. Hakuna aliyelikalia. Usimwambie mama, nataka alione siku ya kutoka eda."

Nilipanda darini na kumpigia.

"Na lile?"

"Lile lipi?"

"La baba."

"Si ndilo nililotoa? Wamelichukua, nimeongezea juu, wamenipa hili." Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. "Mdogo wangu, ungeona walivyolizunguka pale yadi! Mmoja kauliza, lilikuwa la kubebea samaki hili? Mwingine kasema la, la kubebea maharusi. Kila mmoja kanusa upande wake."

"Walilifungua?"

"Sasa watalikagua bila kulifungua?"

"Kalirudishe."

"Nini?"

"Nenda ukalichukue. Tafadhali."

"Kwa sababu gani?"

Sababu ilikuwa mdomoni, na mdomo haukuwa wangu. "Mama amelizoea," nilisema.

Aliposema tena, furaha ile ilikuwa imeondoka.

"Mama amelizoea. Na mimi? Wewe hukuwepo. Wajua nilivyokuwa nikimwambia baba, toka pale darajani mpaka gati? Nilimpa habari za korosho. Nilimwambia mwaka huu tuuze mapema, bei haijaanguka. Nikamuuliza, 'Au waonaje, baba?' Nikangoja anijibu. Nikamuuliza tena. Gari lote kimya, na mama nyuma kimya. Nikishika ule usukani naisikia sauti yangu ikiuliza. Nimejaribu mara mbili kuliwasha tu, betri isife. Siwezi. Hata Mombasa lilipelekwa na dereva wa kukodi."

Kumbe miezi ile yote walikuwa wakilizungumzia gari moja, kila Ijumaa, mlangoni mwa chumba kimoja. Mmoja alikuwa akilihifadhi neno ndani yake, na mwingine akilikimbia.

"Basi kiti," nilisema. "Waombe kiti cha nyuma tu."

"Kiti?" Akacheka, si kwa ubaya. "Wewe na hadithi zako. Nivuke Amu na kiti cha gari kichwani, watu waseme msiba umenipanda akilini?" Kisha akashusha sauti. "Na hata hivyo halipo. Nililitoa Jumatatu, karatasi ndizo zilizochelewa. Mtu mmoja wa Taita kalichukua jana. Kasema ataling'oa viti vya nyuma, abebee kabichi."

Nilikaa darini mpaka jua likanifukuza.

Sikujua nitamwambiaje mama, na sikupata nafasi ya kulifikiri sana, kwa sababu mji wetu hauna subira na habari. Jumamosi akaja shangazi, dada yake baba, ambaye msiba haukumpunguza maneno hata moja. Alipanda ngazi akiongea na alipofika juu alikuwa katikati ya hadithi. Mama alikuwa ameweka ungo mapajani, anachagua mchele.

"Hongera, wifi yangu!" alisema shangazi, akijitupa mkekani. "Mke mwenzio kapewa talaka!"

Mama aliinua uso. "Nani?"

"Nani mwengine? Yule wa Mokowe. Na talaka zenyewe tatu, harudi. Mwanao kampeleka Mombasa kamwacha huko huko, karudi na kijana mweupe pepepe, bado yumo ndani ya nailoni! Picha kamtumia mwanangu, nimeiona kwa mato yangu. Na ilikuwa siri, ati, usije ukasema nimesema mimi."

Nilimtazama mama. Vidole vyake havikusimama. Vilisogeza chembe, vikatoa kijiwe, vikasogeza chembe.

"Mashallah," alisema.

"Mashallah kubwa! Maana yule alikuwa kizee, tuseme kweli. Ndugu yangu Mungu amrehemu alimpenda, lakini alikuwa akitoa moshi mbele na nyuma. Wewe umemzidi umri, wewe umebaki!"

Mama alitabasamu. Wallahi, alitabasamu. Akanituma nilete kahawa, na shangazi akakaa mpaka alasiri, akala, akacheka, akamlilia ndugu yake kidogo, akaondoka. Mama akauvuta tena ungo, akaanza kuuchagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

"Lote? Hata kiti?" akauliza.

"Lote, mama."

Akachagua. Kisha akasema, "Nduguyo asiyui kitu. Umenisikia? Akiyua, atalibeba lile gari mgongoni umri wake wote."

Alinikataza nisimwambie. Hakunikataza nisiandike, na ndugu yangu vitabu vyangu havisomi, husema vinampa usingizi. Ikitokea siku moja usingizi ukamkosa, basi ajue kwamba mpaka naandika haya sijasikia mama akimlaumu, hata kwa kuguna.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa nyumbani tangu asubuhi. Mama akaogeshwa, akavishwa nguo mpya, na chetezo kikatolewa kabatini. Udi ulipowashwa, harufu ilishuka ngazi kwa ngazi mpaka daka, na nyumba ikarudi kuwa nyumba. Wakamwekea mama chetezo miguuni, wakamtandazia leso juu ili moshi umwingie nguoni. Kwa kawaida mtu hufukizwa kidogo, akaondoka. Mama hakuondoka. Alikaa amefumba macho, kichwa ameinamisha, anavuta pumzi ndefu ndefu, na wanawake wakaanza kutazamana na kufuta machozi, wakidhani analia. Mimi nilijua anasikiliza. Alipofungua macho alinitafuta mimi kati ya watu wote wale, akatikisa kichwa kidogo sana.

Kesho yake tukavuka. Mama alibeba kikapu chake. Ndani ya boti walikuwamo watu wale wale wa siku zote, wakamwona na kikapu, wakaona moshi mwembamba ukitoka pembeni mwa kifuniko. Hakuna aliyeuliza anakwenda kumfukiza nani.

Gari jipya halikuenea bandani, paa lake liko juu mno. Lilisimama nje juani, jeupe mpaka linaumiza macho. Bandani palikuwa patupu, na chini kulikuwa na doa jeusi la oili, lenye umbo kama la kisiwa, pale ambapo lile la zamani lilikuwa likivuja miaka yote. Mama alilitazama lile doa kwanza. Kisha akaligeukia jipya, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Zuri," alisema. "Zuri sana, mwanangu. Mungu alitie baraka, akuepushe na shari zake."

Ndugu yangu alikuwa mtoto tena. Alifungua mlango wa mbele. "Karibu mbele, mama. Kiti chajisogeza chenyewe, tazama."

"Nyuma panatosha."

Akachukua kikapu, akainamia kutoa chetezo. Ndugu yangu akaangalia dari ya gari, nyeupe kama pamba, akaangalia chetezo, akajikuna shingo.

"Mama... moshi utashika kwenye kitambaa. Na hili lina harufu yake ya upya, watu wanaipenda."

Mama alibaki ameinama kidogo. Kisha akakirudisha chetezo kikapuni, akakifunika.

"Haya," alisema. "Huyu hapendi moshi."

Tukapanda, yeye nyuma ya dereva, mimi kando yake. Viti vilikuwa bado na nailoni, na kila tulipojisogeza ililia. Ndani mlikuwa na baridi ya mashine na harufu ya plastiki, ile harufu kali inayokaa kooni. Gari lilikwenda bila kunguruma. Nilizoea safari ya Kililana iwe na sauti, mlango mmoja unaogonga, kitu fulani chini kinachokwaruza kwenye mashimo. Sasa njia ilipita nje ya vioo kama ya watu wengine. Shambani mama alitembea kati ya mikorosho, akasimama chini ya mti mmoja, akaomba dua. Ufito wa baba ulikuwa bado umeegemea pale. Hakuna aliyeugusa.

Tuliporudi ndipo nilipoanza kumtazama mama, kwa sababu hii ndiyo safari aliyoingoja. Mama alijisogeza katikati ya kiti, nailoni ikalia. Akakunja miguu yake sawasawa, akaweka mikono mapajani, viganja juu, vikiwa vimeachana kadiri ya upana wa kichwa cha mtu. Akafumba macho. Mbele, ndugu yangu alikuwa amenyamaza kabisa. Aliushika usukani kwa mikono miwili, na niliona mishipa ya shingo yake imesimama, shingo ya baba kabla ya mvi. Tukalikaribia daraja dogo la saruji. Tukalivuka. Halikutoa sauti, magurudumu mapya hayakulisikia.

Tulikwenda kidogo, kisha mama akasema, "Simamisha, mwanangu."

Akasimamisha kando. "Wajisikia vibaya, mama?"

"Siumwi. Nataka kushuka mara moya."

Nilishuka naye. Tukasimama nyuma ya gari, upepo unazipeperusha buibui zetu, mbele yetu njia tupu na daraja kule nyuma tulikotoka.

"Umelipata?" niliuliza.

"Hakuna," alisema. "Humu hamna mtu."

Alitazama kule darajani kwa muda. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, akayafuta kwa ncha ya mtandio, upande mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayejisafisha vumbi.

"Umri wangu wote na babako," akasema, "alichonitaka nilimpa. Kitu kimoya tu alinitaka nikakataa, tena nikicheka. Labda ndicho. Na kama sicho, Mungu aniwie radhi, nami siyui kingine."

Akazunguka gari. Akafungua mlango wa mbele.

Uso wa ndugu yangu uling'aa kama taa. "Nilikwambia, mama! Mbele ndiko!" Akamvutia mkanda, akamfundisha pa kuuchomeka, akamsogezea kiti mbele na nyuma mpaka mama akamwambia basi, amekwisha kuwa kama mtu aliye juu ya bembea. Mimi nikaingia nyuma, peke yangu, kwenye nailoni yenye joto la mahali alipokuwa ameketi.

Tukaondoka. Mama alitazama mbele, mikono juu ya kikapu cha chetezo kilichopoa.

"Kumbe ndia ni pana hivi," alisema.

"Ni pana, mama. Tena mbele kule watapanua zaidi." Ndugu yangu aliangalia njia, akamwangalia mama, akarudi kwenye njia. Kisha akasema, haraka, kama mtu anayeruka majini kabla hajaogopa: "Korosho zimezaa vizuri mwaka huu. Nafikiri tuuze mapema. Au waonaje, mama?"

Mama hakumngojesha hata kidogo.

"Naona vyema," alimjibu. "Inshallah."